Mkubwa wa benki anachunguzwa, pesa zangu je?

*Nauza mchele sokoni Tororo. Nasikia mkurugenzi wa benki yangu anachunguzwa kwa ubadhirifu. Nitoe zote? — Mama Mchele*

Mama, usipande boda na furushi la noti. Benki Kuu ya Uganda ina uwezo wa kumwondoa kiongozi asiyefaa, na benki ikaendelea kufanya kazi. Oktoba 2016 iliitwaa Crane Bank, ikasimamisha bodi nzima, ikaweka msimamizi wake; Januari 2017 amana zikahamishiwa benki ya dfcu.

Hata benki ikifungwa, Mfuko wa Kulinda Amana hufidia hadi shilingi milioni 10 kwa mteja. Zako zikizidi hapo, zigawe benki mbili. SACCO haimo kwenye mfuko huo. Huko ndiko mimi ningehofia.

Kwa sasa, kagua salio lako: lisipolingana na risiti zako, lalamika tawini kwa maandishi, ubaki na nakala yenye muhuri. Wakikupuuza, ipeleke Benki Kuu.