Habari za Pangani na Tanga, Bandari Mbili za Mrima

Somo la mwezi huu ni habari za pwani yetu wenyewe. Huko Ulaya iko miji ya bandari ambayo mambo yake yameandikwa tangu zamani sana. Watu wa Hamburg, katika nchi ya Wadachi, huhesabu bandari yao kuwa ilianza mwaka 1189, na kila mwaka huifanyia sikukuu. Sisi watu wa Mrima tunazo bandari za kale vilevile, lakini wengi wetu tukiulizwa kwa nini Pangani ilikuwa mji mkubwa na sasa ni mdogo, na kwa nini Tanga iliipita, twajibu tu, “Ni mambo ya dunia.” Hilo si jibu.

Mwalimu atakayesoma habari hii pamoja na watu wake na atundike ramani mbele yao. Kwanza awaonyeshe Tanga, kisha ashuke kusini mpaka Pangani, penye kinywa cha mto, kisha Mkwaja, kisha Saadani. Katika kipande hicho cha pwani ndimo yalimotendeka karibu yote tutakayoyasema.

Habari za kale sana ni chache. Kiko kitabu cha Kiyunani, kilichoandikwa yapata miaka elfu mbili iliyopita, kinachotaja mji wa biashara wa pwani hii uitwao Rhapta, ambako merikebu zilifuata pembe za ndovu. Wenye elimu wengine wameutafuta karibu na Pangani, wengine mbali zaidi kusini, wala hawajapatana. Lakini Tongoni, kusini kidogo ya Tanga, hapana haja ya kubahatisha. Msikiti uliobomoka ungalipo, na makaburi yenye nguzo ndefu za mawe, kazi ya Waswahili waliokaa pale tangu zaidi ya miaka 500 iliyopita. Wareno walipokuja na Vasco da Gama mwezi wa Aprili mwaka 1498, chombo chao kimoja, São Rafael, kilikwama juu ya mwamba karibu na hapo. Maji yalipojaa kikaelea tena. Waliporudi kutoka Bara Hindi, Januari 1499, mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa maradhi, hata hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Basi wakakichoma moto chombo kile kile cha São Rafael katika maji yale yale, wakaenda zao na viwili vilivyobaki.

Sasa tuitazame Pangani. Mto wake hushuka kutoka Kilimanjaro na Meru, ukapita chini ya milima ya Upare na Usambara. Msomaji aweza kudhani kwamba vyombo vilipanda mtoni kwenda bara. Sivyo, kwa maana juu kuna maporomoko, na kinywani kuna fungu la mchanga linalozuia merikebu kubwa. Jahazi huingia maji yakijaa, na merikebu hungoja nje. Faida ya mto ilikuwa njia. Mtu akiufuata hakosi maji mpaka afike nchi ya Wamasai na mlima wenye theluji. Kwa sababu hiyo misafara ya pembe ilianzia Pangani, ikachukua nguo, ushanga na waya kwenda bara, ikarudi na pembe baada ya miezi mingi. Mfanya biashara mmoja wa Pangani, Jumbe Kimameta, aliijua njia ile kuliko wengi. Mwaka 1883 alifuatana na Joseph Thomson, Mskoti, katika nchi ya Wamasai. Tena mwaka 1887 Count Teleki alipoanza safari yake hapo Pangani alimtwaa, wakafika mwaka 1888 kwenye ziwa ambalo leo huitwa Turkana. Vitabu vya safari hizo humsifu Mzungu. Lakini njia aliijua nani?

Ukingoni mwa mto palikuwa na mashamba ya miwa, na sukari ya Pangani ilipelekwa Unguja. Mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Ni lazima tuliseme wazi, kwa maana wako watu wanaozisimulia siku zile kana kwamba zilikuwa za neema kwa wote. Sultani Barghash alifunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873, na mwaka 1876 akakataza misafara ya watumwa njia za bara. Hata hivyo utumwa wenyewe haukukoma mashambani. Nyumba nzuri za mawe, zenye milango ya nakshi, zilijengwa kwa mali ya pembe na ya sukari, nanyi mwajua sasa nani aliyetoa jasho.

Wadachi hawakuanza kuijua pwani hii kwa bunduki. Walianza kwa biashara. Nyumba ya O'Swald ya Hamburg ilifungua duka lake Unguja mwaka 1849, ikanunua kauri nyingi, zile simbi ndogo za pwani, ikazipeleka Afrika ya Magharibi, maana huko zilitumika kama fedha. Mwaka 1859 miji mitatu, Hamburg, Bremen na Lübeck, ikafanya mapatano ya biashara na Sultani. Kwa muda wa miaka zaidi ya 30 wafanya biashara hao walikaa chini ya bendera ya Sultani, wakalipa ushuru, wasidai nchi.

Mambo yakageuka mwaka 1888. Mwezi wa Aprili Sultani Khalifa, aliyekuwa ametawala majuma machache tu, aliipa Kampani ya Kidachi ya Afrika ya Mashariki kazi ya kutawala pwani na kutoza ushuru kwa miaka 50, tangu mto wa Umba mpaka Ruvuma, kwa jina lake Sultani. Watu wa Mrima hawakuulizwa. Mwezi wa Agosti akaja Pangani mtu wa kampani, Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo. Akataka bendera ya kampani itwekwe, na liwali wa Sultani amtii yeye. Liwali akakataa. Wakaletwa askari kutoka manowari ya Kidachi, na mlingoti wa bendera ya liwali ukakatwa. Mtu wa leo aweza kusema, bendera ni kitambaa tu. Lakini mwenye bendera ndiye mwenye forodha, na mwenye forodha ndiye anayeamua nani atafanya biashara na kwa kodi gani. Majumbe waliokuwa wakipokea hongo za misafara, wenye mashamba, wapagazi waliokuja kutoka bara, kila mmoja aliona riziki yake imetiwa mkononi mwa mgeni.

Watu wakaondoka kwa silaha. Wakamfungia Nyundo nyumbani mwake, hata akaja Jenerali Mathews kutoka Unguja na askari wa Sultani, akamtoa akiwa hai. Mkubwa wa vita alikuwa Bushiri bin Salim, mwenye shamba la miwa karibu na Pangani. Huko Saadani, jirani ya Mkwaja, alikuwako Bwana Heri, ambaye zamani alikuwa amewashinda hata askari wa Sultani, wala hakuwa mtu wa kuamriwa na yeyote. Kabla mwaka haujaisha kampani ilibaki na Bagamoyo na Dar es Salaam tu.

Ndipo serikali ya Wadachi ilipomtuma Hermann von Wissmann mwaka 1889. Askari wake hawakuwa Wadachi, ila maofisa. Wengi walikuwa Wasudani walioandikwa Misri, na Washangani kutoka Msumbiji. Mwezi wa Julai akatwaa Pangani na Tanga. Bushiri alikamatwa akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri alisimama mpaka Aprili 1890, kisha akafanya amani. Shairi refu la vita hivyo lilitungwa na Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, naye ni mtu wa pwani ya Tanga. Lilipigwa chapa mwaka 1955. Ni vema kukumbuka kwamba habari hizo hazikuandikwa na washindi peke yao.

Baada ya vita, mji uliopigania bandari yake ndio uliopoteza, na sababu kubwa haikuwa adhabu. Sababu ilikuwa maji. Mwaka 1890 Hamburg ilianzisha kampani ya meli, Deutsche Ost-Afrika Linie, na meli za moshi haziwezi kungoja maji kujaa ili zivuke mchanga wa Pangani. Tanga ina ghuba kubwa, kina chake ni kizuri, na visiwa vimeikinga na mawimbi. Mtu asifikiri kwamba mji wa mtoni hauna budi kufa. Hamburg yenyewe iko mtoni, tena mbali na bahari yapata kilomita 100. Lakini watu wake waliuchimba mto wao tangu vizazi na vizazi, wakaupa fedha nyingi. Pangani haikupata wa kuichimbia.

Mwaka 1893 Wadachi wakaanza kujenga reli kutoka Tanga, ya kwanza katika nchi yao hii. Kazi ilikwenda polepole mno. Mwaka 1896 gari la moshi lilifika Muheza, kilomita 40 tu, na fedha za kampani zikaisha. Serikali ikainunua reli mwaka 1899. Ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905, na mwaka 1912 ikafunguliwa mpaka Moshi, kilomita 352. Tazameni ramani tena. Reli imefuata karibu njia ile ile ya misafara ya Pangani kando ya mto, ila mdomo wake umegeuzwa kwenda Tanga. Mzigo uliohitaji mamia ya vichwa vya wapagazi ukashuka sasa kwa siku chache.

Kwa njia hiyo hiyo ya Tanga walipita wamisionari wa Kiinjili waliofika Mlalo mwaka 1891, wakaanza kazi katika Usambara. Tena serikali ilijenga shule Tanga, na hapo likapigwa chapa gazeti la Kiswahili, Kiongozi, lililosomwa mpaka bara hata siku za vita vikuu.

Lakini kitu kilichoijaza Tanga kuliko vyote kilianzia upande wetu, kusini ya mto. Mwaka 1893 Daktari Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, alileta miche ya mkonge. Mmea huo ni wa Meksiko, naye aliupata kutoka Florida, ukapita Hamburg. Miche ilikuwa 1,000. Iliyofika ingali hai ilikuwa 62. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ikakubali udongo. Kutoka miche 62 mashamba yakaenea Tanga, Muheza, Korogwe, mpaka mbali. Mwaka 1964 nchi ilitoa tani 230,000 hivi za nyuzi, wala hapakuwa na nchi nyingine duniani iliyoipita. Kazi yenyewe ilikuwa nzito. Watu walitoka mbali, wakiandikwa kwa mkataba na kuitwa manamba. Nao wachukuzi wa bandari ya Tanga waligoma mwezi wa Agosti 1939, maana mishahara haikulingana na kazi. Kisha zikaja nyuzi za viwandani zinazofanywa kwa mafuta ya ardhini, bei ya mkonge ikaanguka, na mashamba mengi yakarudi msitu.

Vita vya 1914 nitavipita upesi, kwa kuwa wengi wamevisikia. Waingereza walileta askari yapata 8,000 kutoka Bara Hindi, wakashuka Tanga mwanzo wa Novemba. Waliokuwa wakiulinda mji chini ya von Lettow-Vorbeck walikuwa kama 1,000 tu, nao wakawarudisha baharini. Nyuki waliovurugwa mizingani waliwauma watu wa pande zote mbili, na baadaye wengine walidhani ni hila ya vita. Waingereza wakautwaa mji Julai 1916, kwa njia ya bara.

Tukifika siku zetu, kwa muda wa zaidi ya miaka 100 meli kubwa zilitia nanga ghubani mwa Tanga, na mizigo ikaletwa gatini kwa matishari, jambo linalokula siku na fedha. Tangu mwaka 2019 serikali ilichimba njia ya meli na kuzijenga upya gati mbili, zenye urefu wa mita 450, na kina kikawa mita 13, hata meli zikaweza kufunga gatini. Upande wa pili wa ghuba, Chongoleani, pamechaguliwa kuwa mwisho wa bomba la mafuta kutoka Hoima katika Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443. Walioitazama Pangani ya mwaka 1880 hawakuwaza kwamba njia ya pembe ingehama. Nasi hatujui bomba hilo litaifanya nini Tanga baada ya miaka 50.

Na Mkwaja? Mkonge uliigusa nayo. Katika miaka ya 1950 kampani ya mkonge ya Amboni ilifungua huko shamba kubwa la ng'ombe, ili wafanya kazi wa mashamba yake wapate nyama. Mbung'o waliwasumbua ng'ombe tangu mwanzo. Shamba likafungwa mwaka 2000, na mwaka 2005 nchi hiyo ikatiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani, na wanyama wa mwitu sasa hulisha mahali palipokuwa mazizi. Barabara mpya ya kutoka Tanga kwenda Bagamoyo imepangwa kupita Pangani na Mkwaja, pamoja na daraja la kuvuka mto, ambao kwa miaka mingi watu wameuvuka kwa kivuko cha Bweni.