Kumtambua Mwizi wa Mawinguni

Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii tumeizoea katika insha, lakini leo, mpenzi msomaji, ningependa tuitumie katika mambo ya tarakilishi.

Kwanza kabisa, wingu ni nini? Si lile la mvua! Siku hizi benki, kampuni, hata shule hukodi nafasi katika tarakilishi za watu wengine zilizo mbali, na kuzifikia kwa intaneti. Huko ndiko tunakoita mawinguni. Ni kama kupanga chumba: mwenye ploti hutunza ukuta, paa na lango, lakini mpangaji ndiye anayepaswa kufunga mlango wake na kujua ufunguo kampa nani.

Sasa basi, mwizi akiingia utamjuaje? Mwizi wa kuku huacha manyoya. Mwizi wa data huchukua nakala tu, nayo data ikabaki palepale. Asubuhi unakuta kila kitu kiko sawa! Dawa yake ni daftari. Mashine za mawinguni zinaweza kujiandikia zenyewe nani ameingia, saa ngapi, kutoka wapi, na ameomba nini. Ni mfano wa kitabu cha wageni alicho nacho bawabu wa shule.

Nitawasimulia visa viwili vya kweli kutoka Marekani.

Cha kwanza ni cha mwaka wa 1986, kabla ya mawingu haya. Katika maabara ya Lawrence Berkeley, California, watu wengi walitumia mashine za pamoja na kulipia muda wao. Clifford Stoll, mtaalamu wa nyota, aliambiwa atafute kwa nini hesabu zilipishana kwa senti 75. Mwingine angesema, ah, senti 75 ni kitu gani? Yeye alifuatilia, akagundua kuna mgeni aliyetumia mashine bila kulipa. Alimvizia kwa miezi mingi, hata akamtegea faili za uongo kama chambo. Mwishowe mgeni alipatikana: Markus Hess wa Hannover, Ujerumani Magharibi. Yeye na wenzake walikuwa wakiliuzia siri shirika la ujasusi la Kisovieti, KGB.

Cha pili ni cha mwaka wa 2019. Benki ya Capital One iliweka data yake katika wingu la Amazon. Mwezi wa Machi, mtu alipenya kupitia programu ya ulinzi iliyopangwa vibaya, akajipatia ruhusa ya programu hiyo, kisha akaomba orodha ya maghala ya data na kunakili yaliyomo. Habari za watu wapatao milioni 100 wa Marekani na milioni 6 wa Kanada zikaenda. Benki ilijua lini? Tarehe 17 Julai, tena kwa kuandikiwa barua pepe na mtu wa nje. Karibu miezi minne!

Linaloumiza ni kwamba daftari lilikuwa limeandika. Ruhusa ile haikuwa na desturi ya kuomba orodha ya maghala. Ni kama bawabu wa lango aje kuomba orodha ya masanduku yote ya bwenini. Je, hamngeshtuka? Mwaka wa 2020 benki ilitozwa faini ya dola milioni 80.

Tunajifunza nini? Kuandika si kusoma. Mlinzi wa mawinguni hana budi kwanza kujua kawaida ya mahali pake, kisha atazame dalili hizi tatu:

1. Mtu anaingia saa au kutoka mahali asipozoea.
2. Akaunti inafanya kazi isiyo yake.
3. Data nyingi inatoka kwa ghafla.

Daftari likiwa refu mno kwa macho ya binadamu, huwekwa programu ya kupiga kengele. Lakini kengele nayo yataka mtu wa kuamka.

Hapa kwetu Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inamtaka mwenye kutunza data kumwarifu Kamishna wa Data katika muda wa saa 72 data ikivuja na kuhatarisha watu. Lakini saa hizo huhesabiwa tangu anapojua. Asiyechungulia daftari lake, saa yake haianzi, na wenye data wanaendelea kuumia bila habari.

Nawe mwanafunzi unayetumia barua pepe, hiyo pia iko mawinguni. Fungua sehemu ya usalama uone ni simu na tarakilishi zipi zimeingia katika akaunti yako. Ukiona usiyoijua, iondoe na ubadilishe nywila mara moja. Hebu fanya hivyo leo, usingoje kesho. Usipoziba ufa utajenga ukuta.