Kifafa cha mtoto kisichosikia dawa: picha ya ubongo inatafuta nini?

Baba na mama, mtoto wenu ana kifafa. Anakunywa dawa kila siku, lakini bado anaanguka. Munganga anasema apigwe picha ya ubongo. Musiogope, wala musifikiri kwamba picha itamponya. Jueni kwanza kazi yake.

1. Dawa imeshindwa kweli?
Watu 7 katika 10 wenye kifafa wanaweza kukaa bila kuanguka wakipata dawa inayowafaa na kuinywa kila siku. Tangu mwaka 2010 waganga wa dunia wana kipimo kimoja: kifafa hakisikii dawa ikiwa dawa mbili zenye kufaa, zilizokunywewa sawasawa, zimeshindwa. Mtoto anayerukisha siku kwa sababu dawa imeisha nyumbani hajafika hapo. Mwambieni munganga ukweli juu ya siku hizo, asije akabadilisha dawa iliyo nzuri.

2. Picha za namna mbili
Skana inatumia miale kama ile ya radio ya kifua. Ni ya haraka. Inaonyesha damu, uvimbe, na alama ngumu zilizoachwa na mnyoo wa nguruwe. IRM haina miale, inatumia sumaku yenye nguvu sana. Inaonyesha makovu madogo na sehemu za ubongo zisizoumbika vizuri tangu tumboni mwa mama. Kwa kifafa kisichosikia dawa, IRM ndiyo inayofaa zaidi.

3. Kumtayarisha mtoto
IRM inapiga kelele kubwa, na mtoto alale bila kutikisika nusu saa au zaidi. Mwelezeni mapema. Mdogo anaweza kupewa dawa ya usingizi: basi shikeni amri ya munganga juu ya chakula. Ondoeni herini na kila chuma. Kama kuna chuma ndani ya mwili, semeni. Dawa ya kifafa isikatwe bila amri.

4. Kisha picha
Mgodini hatuchimbi kabla ya kujua mahali madini yalipo. Waganga vilevile. Wanalinganisha picha, uchunguzi wa umeme wa ubongo unaofanywa kwa waya juu ya kichwa, na namna mtoto anavyoanguka. Vyote vitatu vikionyesha mahali pamoja, wanaangalia kama pale panaweza kupasuliwa bila kuharibu usemi wala nguvu ya mkono. Watoto wengine wanapona hivyo. Picha ikikosa kuonyesha kitu, mtoto angali mgonjwa: hajifanyi, wala hakulogwa.

5. Kazi yenu
Mashine haioni nyumbani kwenu. Wekeni daftari: tarehe, saa, dakika ngapi, mkono gani ulianza kutetemeka, macho yaligeukia upande gani. Neno moja kama «mkono wa kushoto kwanza» linamwonyesha munganga upande wa ubongo wa kutazama.

Mtoto akianguka, mulaze kwa ubavu, usitie kitu kinywani, angalia saa. Mate yake hayaambukizi kifafa, mshike bila woga. Zikipita dakika 5 bila kutulia, mpeleke hospitali mbio. Usingoje asubuhi.