Samaki wa ziwani na chembe za plastiki

Swali: Nasikia samaki wa Ziwa Victoria wanakula plastiki. Hapa Mwanza watoto wangu wanakula sato na dagaa karibu kila siku. Niache kuwapikia?

Jibu: Usiache, dada, ila ulichosikia ni kweli. Watafiti walionunua sangara na sato katika soko la hapo hapo Mwanza walithibitisha plastiki kwenye utumbo wa samaki mmoja kati ya kila watano.

Tunazungumzia chembe zisizofika milimita 5. Nyingine ni vipande vya mifuko na chupa vilivyopasuliwa na jua na mawimbi, nyingine ni nyuzi za nguo za poliesta na nyavu zilizochakaa. Na ziwa hili lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Nile, kule Jinja. Taka inayoingia haina haraka ya kutoka.

Kwa kuwa chembe hizo hukusanyika zaidi tumboni, ukimpasua sato, ukamtoa matumbo na kumwosha vizuri, umepunguza sehemu kubwa. Dagaa ndiye wa kuangaliwa, maana huliwa mzima. Wachambue, utoe vichwa na matumbo, kama wengi wafanyavyo kukwepa uchungu. Lishe yake watoto bado wanaihitaji.

Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019, na nilifurahi sana. Lakini chupa bado zinateremka na mitaro kila mvua inyeshapo, na nyavu kuukuu zinaachwa majini. Hapo ndipo pa kuwabana viongozi wetu wa mitaa na wa mialo.