WAKILI ANAMTETEA MTU, HATETEI WIZI

Tuseme ng'ombe wanne wameibwa kijijini. Kijana mmoja amekamatwa na kufikishwa mahakamani. Siku ya kesi, wakili anasimama upande wake. Watu wananong'ona: "Hivi huyu msomi haoni aibu kumtetea mwizi?"

Swali hilo huulizwa mara nyingi. Leo tulijibu pamoja.

Kwanza, kijana yule bado si mwizi. Ni mshtakiwa. Katiba ya Tanzania, Ibara ya 13, inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka kosa lithibitike. Anayetakiwa kuthibitisha ni upande wa mashtaka. Kazi ya wakili ni kupima ushahidi wao. Shahidi akisema alimwona mwizi usiku, wakili atamwuliza: Kulikuwa na mwanga gani? Ulisimama hatua ngapi kutoka kwake? Ulikuwa unamfahamu? Bila maswali hayo, mtu anaweza kufungwa kwa kufananishwa tu.

Pili, wakili hutunza siri. Aliyoambiwa na mteja wake kuhusu kesi, hamwambii mtu bila ruhusa ya mteja, hata awe polisi au hakimu. Lakini mteja akitaka asaidiwe kutenda kosa jipya, siri hiyo hailindwi na sheria.

Tatu, wakili asiidanganye mahakama. Hapa ndipo penye mtihani. Kijana akimwambia wakili wake, "Kweli, niliwachukua mimi," wakili afanyeje? Haendi kumchongea. Lakini pia haleti shahidi wa kupanga, aseme eti kijana alikuwa harusini usiku ule. Wala hamsingizii jirani. Anaweza kuuliza tu kama ushahidi ulioletwa unatosha. Kukiri au kukana kosa ni uamuzi wa kijana mwenyewe. Wakili anamweleza matokeo, hamlazimishi.

Je, asiye na fedha? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inaruhusu mshtakiwa asiye na uwezo apewe msaada, mahakama ikiona haki inadai hivyo. Wakili aliyepangiwa kesi hiyo hana ruhusa ya kuifanya nusu nusu.

Na wakili akila fedha za mteja asitokee mahakamani? Huyo amevunja maadili ya kazi. Anaweza kushtakiwa kwenye Kamati ya Mawakili. Kosa likiwa kubwa, jina lake hufutwa katika orodha ya mawakili.

Ndugu msomaji, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Leo kasimama kizimbani mtoto wa jirani. Kesho anaweza kusimama wako, kwa kosa asilolitenda. Hapo utafurahi kuwa yupo mtu wa kuuliza maswali.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kuna tofauti gani kati ya mshtakiwa na mwizi?

2. Kutunza siri na kusema uongo vinatofautianaje?

3. Je, kijijini kwenu mtu amewahi kulaumiwa kabla hajasikilizwa? Ikawaje?