Ugonjwa wa Kupooza Ghafula, na Dawa Zinazozuia Damu Kuganda

Ndugu msomaji, je, umepata kuona mtu aliyelala jioni akiwa mzima, na asubuhi mkono wake wa kuume haunyanyuki, kinywa kimekwenda upande mmoja, na maneno yake hayasikiki vema? Katika vijiji vya Masisi na Walikale watu husema upesi, "Amelogwa," hasa ikiwa aligombana na jirani juu ya shamba. Siku tatu hupita kwa mfumu, kisha mgonjwa huletwa kwetu akiwa hawezi hata kumeza mate. Ugonjwa huo huitwa kiharusi. Unatoka katika mishipa ya damu ya ubongo, wala hautoki kwa jirani.

Ubongo ndio unaoamuru viungo vyote vya mwili, nao hauwezi kukaa bila damu hata dakika chache. Mishipa yake huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza, donge la damu iliyoganda huziba mshipa, kama majani na matope yanavyoziba bomba la maji ya mlimani, na watu wa chini wakakosa maji. Ya pili, mshipa hupasuka, damu ikamwagika ndani ya ubongo. Kwa nje wagonjwa hawa wawili hufanana. Nimewahudumia miaka mingi, na kwa macho tu siwezi kuwatenganisha. Hata munganga huhitaji mashine ya kupiga picha ya ndani ya kichwa, nayo haipatikani katika kila hospitali.

Kwa sababu hiyo usimpe aliyepooza aspirini nyumbani. Wako watu waliosikia kwamba aspirini inazuia damu kuganda, na ni kweli. Lakini ikiwa mshipa umepasuka, umemwongezea mgonjwa kutoka damu. Ngoja munganga aamue.

Unapomshuku mtu, mwambie atabasamu, uangalie kama uso unakwenda upande. Mwambie ainue mikono yote miwili. Mwambie ataje jina lake na la kijiji chake. Kama jambo moja katika hayo limeharibika ghafula, angalia saa ilikuwa ngapi, kwa maana munganga atauliza. Usimpe chakula, maji wala dawa ya miti, kwa sababu koo nalo huweza kupooza, na uji ukaingia mapafuni. Usimchanje. Kama hana fahamu, mlaze kwa ubavu. Kisha mchukueni kwa pikipiki ikiwa anaweza kukaa, au kwa kipoyi, mwende hospitali siku hiyo hiyo. Yule mwenye kupooza wa Kapernaumu, katika Marko mlango wa 2, alichukuliwa na watu wanne, nao walipozuiwa na msongamano walibomoa dari. Vijana wa kanisa, kazi hii ni yenu. Ombeni mkiwa njiani.

Hata kama mkono umerudi sawa baada ya nusu saa, nenda. Hilo ni onyo, na kiharusi kikubwa huweza kufuata siku chache baadaye.

Asili iliyo kubwa ni tansio, yaani damu kusukuma mishipa kwa nguvu mno. Mwenye tansio mara nyingi hasikii maumivu yo yote, na hapo ndipo hatari ilipo. Kila mtu mzima apimwe. Ukiambiwa 14 kwa 9 au zaidi, tena kwa siku mbalimbali, una tansio. Punguza chumvi, acha tumbako, kasiksi na kanyanga, na umeze dawa kila siku, hata siku unayojisikia vema. Vita vilipofika Walikale-Centre mwezi wa Machi 2025, watu walikimbia na kuacha vitu nyumbani. Wewe mwenye tansio, weka vidonge na karatasi yako ya hospitali katika mfuko mmoja karibu na mlango.

Lakini kuna vijana wanaopooza bila tansio. Mtoto mwenye ugonjwa wa seli mundu huweza kupooza. Huyo afuatwe na munganga daima. Wengine walipata maumivu ya koo utotoni yasiyotibiwa kwa penisilini, na baadaye milango ya moyo ikaharibika. Moyo kama huo hupiga ovyo, damu hutuama ndani yake na kuganda, kisha donge hupanda hadi ubongo. Hao ndio hasa wanaopewa dawa ya kuzuia damu kuganda, iitwayo warfarini.

Watu husema munganga anawapa wagonjwa sumu ya panya. Nitawaeleza, maana ninyi wa Masisi ni wafugaji. Katika Marekani ng'ombe walikula majani makavu yaliyoota ukungu, wakafa kwa kutoka damu. Mwaka 1933 mkulima mmoja alimpelekea mwalimu wa chuo cha Wisconsin, Karl Paul Link, ng'ombe aliyekufa na chombo cha damu isiyoganda. Wataalamu wakatafuta miaka mingi, wakaipata ile dawa iliyo katika majani. Dawa ya jamii hiyo ilitumiwa kwa panya mwaka 1948, na tangu 1954 kwa wanadamu, kwa kipimo kidogo. Basi kipimo ndicho kitu kikubwa.

Kwa hiyo mwenye kumeza warfarini lazima apimwe damu mara kwa mara. Kipimo hicho huitwa INR, na kwa wengi hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Kikishuka, damu itaganda. Kikipanda mno, itatoka. Sombe na lengalenga hupunguza nguvu ya dawa. Usiache kuzila; ule kiasi kile kile kila juma. Usinunue sokoni diklofenaki, ibuprofeni, metronidazoli wala Bactrim bila kuuliza, kwa maana huleta hatari ya kutoka damu. Mtu akitaka kukudunga sindano ya matako, mwambie kwanza kwamba unameza dawa hii. Mama mwenye kuimeza akikosa hedhi, aje upesi, maana inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ukiona damu katika mkojo, choo cheusi, au fizi zinazotoka damu, njoo siku hiyo.

Siku hizi ziko dawa mpya zisizohitaji kupimwa INR. Lakini kwa wagonjwa wa moyo niliowataja, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba warfarini na jamii yake ziliokoa maisha ya wengi zaidi. Asiyeweza kufika kupimwa amwambie munganga wazi, wala asimeze kwa kubahatisha.

Mgonjwa akirudishwa nyumbani hajapona kabisa. Mgeuze kila saa mbili ili asipate vidonda. Mketishe wima anapokula, umpe kidogo kidogo, na akikohoa uache. Nyosha mkono na mguu uliopooza asubuhi na jioni, na kila siku ajaribu mwenyewe. Tena mwite kwa jina lake na uzungumze naye, hata kama hajibu. Wengi wao husikia kila neno linalosemwa chumbani.