Mafunzo Matano Niliyopata Nikitia Alama Majeraha ya Vita

Wakati wa vita vya Afghanistan nilikuwa muuguzi wa majeruhi wa kijeshi, kisha nikahamia kwenye rejista ya majeruhi, mahali ambapo kila jeraha hugeuzwa kuwa namba. Kipimo cha AIS, kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1971, hulipatia kila jeraha alama, kuanzia 1 kwa lililo dogo hadi 6 kwa lililo kubwa kupita yote. Mwaka 1974 Susan Baker na wenzake wakaleta ISS: unachukua alama za juu kutoka sehemu tatu tofauti za mwili, unazidisha kila moja kwa yenyewe, kisha unajumlisha. Ukomo ni 75. Hesabu hiyo mtoto wa shule anaiweza. Kazi ni kuwafanya watu wawili wafikie jibu moja, na wewe unayeingia katika fani hii utahitaji kulijua hilo mapema.

1. Alama moja si kitu kidogo

Madaktari wawili waliobobea walisoma picha ileile ya kichwa. Mmoja akatoa 4, mwingine 5. Nilidhani tofauti hiyo ni ndogo, mpaka tulipozidisha: 16 kwa 25. Chini zaidi hali ni nzito vilevile. Jeraha pekee la 3 linatoa 9, la 4 linatoa 16, na majeruhi wengi huhesabiwa kuwa wa hali mbaya wakivuka 15. Dawa yake ni vipimo. Usiandike “damu nyingi kichwani”. Andika ukubwa wa bonge la damu na upande lilipo; kwa kifua, andika idadi ya mbavu zilizovunjika. Maelezo yakiwa kamili, ubishi hupungua wenyewe.

2. Pima jeraha, usipime hofu

Kijana mmoja alishushwa kwenye helikopta akiwa hana rangi. Waliompokea mlangoni walimtia alama za juu. Waliomhudumia wodini siku iliyofuata, akiwa ameketi anakunywa chai, walimpa za chini. Jeraha lilikuwa lilelile. AIS huangalia kilichoharibika mwilini, haiangalii mapigo ya moyo wala presha. Hali ya fahamu ina kipimo chake, cha Glasgow, kinachoanzia 3 hadi 15, nacho kinataka saa iandikwe pembeni. Mtu aliyelazwa usingizi kwa dawa anaweza kupata 3 bila ubongo wake kuguswa.

3. Wote wanaweza kukubaliana na kipimo kisitoshe

Askari alikanyaga bomu lililotegwa ardhini, akapoteza miguu yote miwili juu ya magoti. Kila mguu tuliupa 4. Hakuna aliyebisha. Lakini kwa kanuni ya ISS miguu yote ni sehemu moja ya mwili, kwa hiyo mmoja tu ndio uliohesabiwa: 16, sawasawa na aliyepoteza mmoja. Nilishangaa sana. Kanuni ya NISS ya mwaka 1997, inayochukua majeraha matatu makubwa popote yalipo, inampa 32. Mabomu hupiga sehemu moja mara nyingi kwa mpigo mmoja, ndiyo maana yakatungwa matoleo ya AIS kwa ajili ya vita. Ukiona watu wameafikiana, bado uliza wameafikiana juu ya nini.

4. Kabla ya kulinganisha, uliza namba zilizaliwaje

Jedwali moja lilionyesha majeraha yakipungua ukali mwaka hadi mwaka, na watu wakafurahi. Sehemu ya nafuu hiyo ilitoka kwenye kitabu: toleo la AIS la 2005 lilishusha alama za majeraha mengi. Vivyo hivyo, marehemu aliyefanyiwa uchunguzi kamili huonekana na majeraha ambayo kwa aliye hai yangepita bila kuonekana. Andika toleo la kipimo na chanzo cha taarifa katika kila faili.

5. Usihesabu bahati kama umahiri

Tulipolinganisha alama zetu, tulilingana katika majeraha mengi. Kisha mtakwimu akatuonyesha kwamba mengi yalikuwa madogo, na mtu yeyote angeyapa 1 au 2. Kipimo cha kapa huondoa makubaliano yanayoweza kutokea kwa bahati tu, na kilipotumika, sifa yetu ilipungua. Tokea hapo tulitenga mafaili magumu, kila mtu akayatia alama peke yake, ndipo tukakaa mezani kujadili tulipotofautiana. Mjadala huo ulitufunza kuliko kozi yoyote.

Namba hizi huingia katika uamuzi wa vazi la kinga, gari la kubebea askari na vifaa vya mkoba wa tabibu. Kwa hiyo tafuta mwenzako, chagueni mafaili yanayosumbua zaidi, na myatie alama kila mmoja kivyake kabla ya kuongea. Mahali mnapotofautiana ndipo kanuni yenu inapohitaji kuandikwa upya.